Bonface Chengo na Gari Lililomnyima Utulivu

Kaka yetu Bonface Chengo Ngumbao, ambaye leo Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025 tumemsindikiza hadi hapa makaburi ya Mbaraki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Mwarakaya, Kilifi. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Ngumbao na Mama Sidi. Mama alisimulia hadi uzeeni kwamba mkunga aliitwa, akaondoka kwake mbio, na kabla hajafika mtoto alikuwa ameshatoka na analia. Hakuweza kungoja. Wadogo zake, akiwemo kitinda mimba Naomi anayewasomea haya, walimkuta hivyo hivyo: anakula amesimama, anaoga kabla maji hayajapata moto, na akikaa kitini mguu mmoja unatikisika mpaka vikombe vinalia mezani. Wageni walidhani ana haraka ya kuondoka. Hakuwa na pa kwenda, ndivyo alivyoumbwa.

Alianza masomo mwaka 1959 katika shule ya misheni kule Ribe. Kichwa alikuwa nacho, hilo hakuna aliyelipinga, lakini walimu walimwogopa kidogo. Akiwa darasa la sita aliifungua karabai ya mwalimu mkuu kwa kutaka kujua ni kitu gani kinachovuma ndani yake. Aliirudisha pahali pake ikiwa nzima, isipokuwa skurubu moja iliyobaki mfukoni, na mwalimu mkuu akasahihisha madaftari kwa kibatari. Chengo alichapwa mbele ya shule nzima. Alipomaliza kuchapwa aliuliza kama sasa aweza kuambiwa kinachovuma. Alihitimu sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha ufundi mjini Mombasa, na mwisho wa mwaka 1972 akatoka na cheti cha umeme.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa katika karakana ya umeme bandarini Kilindini, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kutengeneza winchi na kreni. Bwana Odera, aliyefanya naye kazi zamu moja kwa muda mrefu, alitusimulia juzi pale matangani kwamba mafundi wengine walikuwa wakibadilisha kifaa, kreni ikiamka wanaosha mikono wanaenda zao. Chengo alibaki. Alikichukua kile kifaa kilichokufa, akakipasua, na hakwenda nyumbani mpaka ajue kimekufa kwa nini. "Tulimchukia saa za kutoka," alisema Odera, "lakini kreni aliyoitengeneza yeye hairudi." Wakubwa walimpenda na kumlaumu kwa sababu hiyo hiyo moja.

Tuseme na upande wa pili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda sifa za uongo. Kaka yetu alikuwa na neno moja lililokuwa zito mno kutoka kinywani mwake, nalo ni "nimekosa". Winchi ikikataa, ni waya. Chai ikimwagika, ni meza. Alipogonga ukuta wa kanisa kwa baiskeli, ni ukuta uliojengwa vibaya, na akawaonyesha wazee wa kanisa ulivyopinda. Ulikuwa umepinda kweli, na hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Mnamo tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Mbodze, binti wa Mama Kadzo wa Kaloleni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Winnie na Ngumbao. Waliishi Mbaraki, na Mbodze akashika biashara ya machungwa na maembe pale Marikiti, biashara anayoiendesha hadi leo. Mama Kadzo alimpenda sana mkwe wake huyu asiyetulia. Chengo akienda kumwamkia, mama huyo alikuwa akimwekea kiti na kumwambia kwa utani kwamba kiti hicho amekifunga kamba, hakitikisiki. Mbodze ndiye mtoto pekee wa mamake, na ahadi yao ilikuwa moja tu: siku mama akizidiwa, Mbodze atakuwepo.

Mwaka 2004 Chengo alinunua gari. Lilikuwa Volvo ya mwaka 1972, rangi ya maziwa, aliyouziwa na mhandisi mmoja wa meli aliyekuwa akihama. Halikuwa gari la kabureta kama magari mengine ya umri wake. Lilikuwa katika yale ya mwanzo mwanzo kunyunyiziwa petroli kwa umeme: chini ya kiti mlikuwa na kisanduku cha bati, na kisanduku hicho ndicho kilichoamua kila injekta imwage petroli kiasi gani, kwa kusikiliza vipimo vilivyotegwa huku na huku kwenye injini. Kimoja kilipima hewa. Kingine kilipima joto la maji ya injini, kwa sababu injini ikiwa baridi hutaka petroli nyingi, na ikipata moto hutaka kidogo. Chengo alipoona mpango huo alikuwa kama mtoto aliyepewa karabai yake mwenyewe. Alilifungua lote na kulifunga lote, na mtaani akajigamba kwamba mshale wa joto wa gari lake haupandi, hata ulipeleke wapi. "Magari ya watu yachemka," alikuwa akisema. "Langu halichemki."

Ni kweli halikuchemka. Lakini lilikohoa.

Asubuhi liliwaka vizuri, likatoka Mbaraki kwa heshima zake. Likishakwenda kidogo lilianza kukatakata, likatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi. Kwenye foleni ya Makupa, ambako magari ya watu ndiko yanakoteseka, lenyewe lilitulia. Likipata barabara wazi linashikwa na kikohozi upya. Kila fundi aliyelisikia alisema lake. Mmoja alisema pampu, mwingine akasema petroli ina maji. Wote walimaliza kwa ushauri mmoja: atoe huo umeme wote, aweke kabureta, apumzike. Chengo alisema atalishughulikia pole pole, halina neno.

Jumapili tarehe 19 Agosti 2007 asubuhi simu ilitoka Kaloleni. Mama Kadzo amezidiwa, anamwita Mbodze kwa jina. Mbodze alitaka wachukue gari la kukodi. Chengo akamwambia aingie, watafika upesi zaidi. Gari lilianza kukohoa Changamwe. Walipofika kwenye kilima cha Mazeras, plagi zote zilikuwa zimejaa masizi, na gari likazima kabisa. Alizitoa moja moja, akazisugua, akazirudisha, likawaka, likazima tena. Mbodze alisimama kando ya barabara na mkoba wake mkononi. Hatimaye lori la mkaa liliwapakia. Walipofika, Mama Kadzo alikuwa ameshafunikwa kanga.

Mbodze hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, na mumewe akasema, "Si kosa langu, Mama Winnie. Ni gari."

Hapo ndipo Mbodze aliposema maneno ambayo ukoo mzima unayajua: "Basi sitapanda tena gari ambalo hujui lina nini. Siku utakapojua, uniambie."

Watu walidhani ni hasira ya matanga. Haikuwa hivyo. Tangu siku ile Mbodze alikwenda Marikiti kwa tuktuk, na kanisani kwa miguu. Chengo angeweza kuweka kabureta na yakaisha, mkewe akapanda. Lakini mkewe hakumwambia atengeneze. Alimwambia ajue. Na kujua ndiko alikokuwa ameishi kwa ajili yake, kwa hivyo alibanwa pale pale panapouma. Asubuhi nyingi majirani walimwona akitoa gari na kuifuata ile tuktuk polepole nyuma nyuma, likikohoa na kufuka moshi, akimsindikiza mkewe mpaka Marikiti kisha anageuza. Wapagazi wa sokoni walikuwa wakisema, "Mama machungwa, mumeo huyo." Naye Mbodze alishusha magunia yake bila kugeuka.

Miaka ile yote hakupata raha. Alivua mipira yote ya kupitishia hewa injini akaweka mipya. Akasafisha injekta, akabadilisha pampu, akasugua kila waya uliokuwa umeota kutu ya chumvi. Kipimo cha joto alikipima kwa mita yake mara nyingi, na kila mara kilimwambia injini ni baridi. Chengo akasema kipimo hiki ni kiongo. Akakitupa, akaagiza kingine kwa mabaharia, nacho kikasema injini ni baridi. Akakitupa na hicho.

Mwenzake katika shughuli hii alikuwa Bwana Jaffar wa Kuze, fundi wa umeme wa magari, ambaye leo yuko nasi hapa. Kwa kuwa gari haliingii vichochoro vya Kuze, Chengo aliliacha mbali akaenda kwa miguu, kipuri mkononi, akipiga hodi mlangoni mwa watu wakati wa chai. Watoto wa nyumba ile waliijua hodi yake. Walikuwa wakiita, "Baba, yule bwana wa gari!" Jaffar alishuka, wakasalimiana kwa utaratibu wote, habari za nyumbani, za watoto, za afya, na mguu wa Chengo ukitikisika salamu zote. Mara moja Jaffar alimwambia, "Sheikh yangu, mkeo yuwataka maneno, hataki gari. Nenda kamwombe radhi yaishe." Chengo akajibu, "Nitamwomba radhi ya nini, na bado sijajua?"

Mwaka huu wa 2025, mwezi wa Machi, alianza kulalamika tumbo. Mwezi wa Mei alifanyiwa upasuaji wa uvimbe hapa mjini, na daktari akamkataza kuinama, kunyanyua kitu na kusimama kwa muda mrefu. Kwa mtu mwingine hayo ni mapumziko. Kwake yalikuwa kifungo. Alikuwa akiwekewa kiti uani, na mkewe akirudi sokoni anakikuta kitupu na boneti ya gari imefunguliwa.

Jumatano moja, mwanzoni mwa Septemba, Jaffar alikuwa amelipeleka gari Mtwapa na kulirudisha, na likawa linanguruma uani kwa kukatakata kama kawaida. Chengo alianza kujiinua. Mbodze akamkalisha kwa mkono mmoja.

"Kaa! Wataka kushika nini? Niambie, nitashika mimi."

"Bomba la juu la rejeta. Lile nene. Tazama kama limelegea. Chukua kitambaa, litakuunguza."

Mbodze hakuchukua kitambaa. Alilishika kwa kiganja kitupu, akaendelea kulishika.

"Haliunguzi," akasema.

"Umeshika lingine."

"Baba Winnie, bomba nene ni hili moja. Ni vuguvugu tu, kama maji ya kuogesha mtoto. Gari si limetoka Mtwapa?"

Mguu wa Chengo ulisimama. Jaffar anasema alimwona akibadilika uso, akadhani ni tumbo. Kumbe alikuwa amekumbuka. Siku ile ya kwanza alipolileta gari nyumbani, kabla hata hajaliosha, alifungua injini akatoa themostati, ile vali ndogo inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa Pwani hufanya hivyo kwa gari kuukuu. Husema joto la Mombasa latosha, acha maji yapite. Alifanya bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, na hakuwahi kulihesabu kuwa ni jambo alilolitenda. Kwa gari la kabureta lisingeonekana haraka. Lakini hili lilikuwa likisikiliza joto lake. Barabarani, upepo ukipuliza rejeta na maji yakipita bila kizuizi, injini haikupata moto hata siku moja, na kisanduku kikazidi kumwaga petroli nyingi ya kuamshia injini baridi, ndiyo iliyojaza plagi masizi. Foleni ya Makupa ililitibu kwa kulipa joto. Vipimo alivyovitupa vyote vilikuwa vikisema kweli.

Mbodze aliingia ndani kuepua wali. Chengo akamweleza Jaffar la themostati, naye akainama karibu na rafiki yake.

"Nshaelewa, Chengo. Kesho ntakutilia themostati, yatakwisha. Naye mwambie ulikuwa waya. Mbodze yuwajua waya na nini? Mwache aingie garini na roho yake nyeupe."

"La."

"Wewe u mgonjwa. Wataka kujitia mzigo wa nini saa hizi?"

"Miaka kumi na minane yuwapanda tuktuk, Jaffar, yuwangoja niseme. Nimwambie waya?"

Alinyanyuka mwenyewe, akaenda hadi mlango wa jikoni, akashika mwimo. Alimweleza mkewe yote, la vali na la petroli, mpaka akafika mwisho wa maelezo na hakukuwa na kifaa kingine cha kusingizia. "Gari halikuwa na kosa," akasema. "Aliyekuchelewesha kwa mamako ni mimi. Nimekosa, Mama Winnie."

Mbodze alichukua upawa. "Haya. Nimesikia," akasema, akapakua wali.

"Umenisamehe?"

"Kula kwanza, wali wapoa."

Jumapili tarehe 7 Septemba, baada ya ibada, Mbodze alichukua mkoba wake, akafungua mlango wa mbele wa Volvo, akakaa. Winnie alimsihi babake amwachie usukani, akakataa katakata. Walitoka Mbaraki wakapita Makupa na Changamwe, na gari, sasa likiwa na themostati aliyoitia Jaffar, likaenda kimya hata wao wakaona ajabu. Mshale wa joto ulipanda, ukasimama katikati, pahali ambapo Chengo hakuwahi kuuona, naye hakuacha kuuchungulia kwa wasiwasi. Kwenye kilima cha Mazeras alipunguza mwendo.

"Mama Winnie, umenisamehe?"

"Tazama barabara," akajibu Mbodze.

Kaloleni Chengo alikwenda peke yake hadi kaburini kwa Mama Kadzo, akasimama huko akizungumza Kigiriama. Mbodze alimngoja garini. Hakumuuliza alichosema, naye hakusimulia.

Walikwenda pamoja Jumapili tatu zaidi, siku nyingine hadi ufukweni Mama Ngina tu kula mihogo na kurudi. Katikati ya Oktoba maumivu yalirudi kwa nguvu, akalazwa. Daktari alituita wanandugu akatueleza kwamba uvimbe umesambaa, na kwamba la kufanya limebaki kumpunguzia maumivu. Hata pale kitandani hakutulia. Aliuliza kila chupa ina dawa gani na kila mashine inapima nini, na muuguzi mmoja alikiri kwamba ilimbidi aende akasome kwanza. Jioni, mkewe akiwa anamfunika, alimuuliza tena lile swali lake. Mbodze akamwambia, "Pona kwanza, tutazungumza nyumbani." Asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, Mbodze akiwa ukumbini na chupa ya uji, Bonface Chengo Ngumbao alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mjane wake Mbodze, watoto wawili Winnie na Ngumbao, mjukuu mmoja Sheryl, wadogo zake wanne pamoja na Naomi, na wenzake wa bandarini na wa Kuze ambao hatuwezi kuwataja wote.

Alhamisi Naomi alipokwenda kwa wifi yake kuandika haya, Mbodze alimshika mkono. Alimwambia asiandike kwamba marehemu alikuwa mume mpendwa, kama yanavyoandikwa makaratasi yote. Aandike kile ambacho yeye Mbodze alimnyima marehemu, na akisome kwa sauti kabla ya mchanga kutiwa, mjane akiwa bado aweza kumwona mumewe. Basi haya ndiyo maneno yake, hatukuongeza wala kupunguza:

"Baba Winnie, umeniuliza mara tatu na mara tatu nimekuzungusha. Nilikusamehe siku ya tatu ya matanga ya mama. Nilikuona nje, umesimama peke yako, vidole vyeusi vya masizi ya zile plagi, na hakuna aliyekukaribisha hata chai. Hasira yangu ikaisha hapo hapo. Nikaona haya kusema, na nilivyozidi kunyamaza ndivyo neno lilivyozidi kuwa gumu. Sikuwa nakungoja wewe. Nilikuwa najingoja mimi. Jana nimekaa kwenye gari lako peke yangu nikalisema, lakini hukuwepo. Jibu lako ni ndiyo. Ni ndiyo tangu zamani."

Mungu akupokee, kaka, na akupe utulivu tulioshindwa kukupa sisi. Lala sasa. Umejibiwa.